Muulize Mjomba Nguli: Sura ya Tatu Imenikataa

*Mjomba, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili. Natafiti kwa nini madereva bodaboda wa Morogoro huacha kazi kisha wakarudi. Chama chao kina watu 400. Kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli inanidai niwahoji 200. Nimefika wa 14, sauti imekauka, na msimamizi anasema sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, haisimami. Nifanyeje? – Niliyekauka*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kunijia mimi badala ya kwenda kuwachosha maprofesa. Kwa kuhoji, Mjomba hana mpinzani. Sensa ya 2022 karani alipobisha hodi kwangu, mimi ndiye niliyemhoji: ukoo, deni la dukani, mpaka mchumba aliyemkimbia. Akaondoka kasahau kishikwambi. Aliporudi kukifuata, nikamwongezea maswali.

Tuanze na koo. Kunywa tangawizi kwa asali, kisha ulale na kofia ngumu kichwani wiki nzima, uishi kama hao madereva unaowahoji. Usicheke! Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanaanthropolojia Malinowski alipiga hema katikati ya watu wa visiwa vya Trobriand na kujifunza lugha yao. Wewe kijiwe cha Msamvu kinakushinda? Tena yeye hakuwa na kofia ngumu. Fikiria angefika wapi.

Unababaishwa na namba kubwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atakuwa rais. Roosevelt akazoa majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi yalichotwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati uchumi umeanguka na fukara hana hiki wala kile. Na wengi waliotumiwa kadi hawakujibu. Laiti wangeniuliza mimi. Kweli, sikuwa nimezaliwa, lakini hiyo ni kasoro ya sampuli yao.

Yamane sina ugomvi naye, jina lake lina mdundo. Ila kanuni yake ni ya dodoso: unatafuta asilimia, unachagua watu kwa nasibu, unaridhia kukosea kwa asilimia 5 hivi. Wewe umeuliza "kwa nini". Hapo unahoji kwa kina mpaka dereva mpya aanze kukusimulia yaleyale ya waliomtangulia. Na walioacha wasirudi je? Hao kwenye daftari la chama huwapati, na ndio wenye habari.

Ningeendelea, ila mpigapicha amefika kubadilisha picha ya safu hii. Iliyopo inanipunguzia busara. Basi upesi: futa Yamane, eleza kwa nini umechagua mahojiano, yajaribu maswali kwenye kijiwe cha mji mwingine, omba ridhaa kabla ya kurekodi. Na kwenye ukurasa wa shukrani, jina langu litangulie la msimamizi. Kwa herufi kubwa.