Sifa za Bahasha ya Kaki

Waswahili hatuna ubahili wa sifa. Tumewasifu mashujaa, maharusi, timu za mpira na hata wakuu wa wilaya siku ya kuwaaga. Nashangaa kwamba hajatokea mtu wa kuisifu bahasha ya kaki, ile ya saizi ya A4 inayobanwa kwapani kutoka Posta hadi Mwenge, ambayo kwa wengi waliomaliza chuo ndiyo ofisi pekee waliyowahi kuipata.

Kwanza, inampa mtu heshima. Kijana akionekana mjini saa nne asubuhi mikono mitupu ni mzururaji. Mkabidhi bahasha kijana huyo huyo, apite njia ile ile, kwenye jua lile lile: sasa "anafuatilia". Hakuna anayeuliza anafuatilia nini. Mlinzi aliyetoka kumfukuza muuza karanga getini atamwambia huyu, "Acha hapo mapokezi, bosi." Nyumbani mama mkubwa akipiga simu kumuulizia, wadogo zake hujibu kwamba kaka ametoka na bahasha, na maswali yanaishia hapo.

Tena haina masharti. Haikudai uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ya kuanzia, wala haikutaka kujua mjomba wako ni nani na anakaa wizara gani. Humpokea mwenye daraja la kwanza na aliyefaulu kwa kuponea chupuchupu, ikawafunika wote kwa rangi moja.

Ndani yake mna wasifu, barua ya maombi inayoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya chuo, nakala ya kitambulisho cha taifa, picha ndogo za paspoti ambazo mwenyewe amekaza uso kana kwamba anatafutwa na polisi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Hiyo ya mwisho huthibitisha kwamba mwombaji ni mkazi halali wa mtaa huo, jambo ambalo Mangi wa dukani angelithibitisha vizuri zaidi kwa daftari lake la madeni.

Lakini sifa kuu ya bahasha ni moja, na wachumi wetu wameipita bila kuiona: inatoa ajira. Mwenye steshenari anaishi kwa kutoa kopi na kuprinti. Wakili anagonga muhuri kuthibitisha kwamba nakala ni sahihi, na muhuri wa wakili haugongwi kwa salamu. Mpiga picha anakula. Konda wa daladala anakula, kwenda na kurudi. Mama ntilie aliyeweka masufuria yake nyuma ya jengo la maofisi anawajua watafuta kazi kwa sura, na anajua pia nani huagiza wali maharage na nani huomba maji tu. Yupo anayejaza fomu za mtandaoni kwa niaba ya wengine, yupo anayeuza maswali ya usaili uliopita, na tusimsahau tapeli, anayetangaza nafasi hewa kwenye WhatsApp na kutaka "hela ya fomu" itumwe kabla ya saa kumi. Viongozi wanapowahimiza vijana wajiajiri, waambiwe ukweli: mtafuta kazi ameshaajiri mtaa mzima. Ni yeye tu aliyekosa nafasi.

Na soko linapanuka. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, wakakalishwa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Siku ya Simba na Yanga watu hulipa kiingilio kutazama wachezaji 22 wakishindana. Siku ile waliingia bure, wakashindana jukwaa zima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakapita 130,000. Mwenye kupiga hesabu ataona tumepiga hatua: mwaka 2014 kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 140, mwaka 2025 wakawa themanini na kitu. (Kwamba hizo ni taasisi mbili tofauti, tusilitazame sana. Furaha ni adimu.)

Waliotabiri kwamba mtandao utaiua bahasha wameumbuka. Ni kweli Sekretarieti ya Ajira siku hizi hupokea maombi kupitia Ajira Portal, na vyeti hupakiwa kwa simu. Subiri uitwe. Tangazo la usaili litakutaka ufike na vyeti halisi, litakukumbusha kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yako, na litakuacha utafakari vyeti hivyo vitasafiri ndani ya nini kutoka Kasulu hadi Dodoma.

Hata katika fedha bahasha ni mlinzi. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Anayetembea na bahasha mshahara wake haujaguswa na mtu.

Kama ina kasoro, ni kwamba ikishaachwa mapokezi hairudi na neno. Hapo ndipo "tutakupigia" inapoanza kazi yake, na mtu mzima na digrii yake anaogopa kuingia bafuni bila simu.

Kila Mei Mosi waajiri hutoa zawadi kwa mfanyakazi hodari. Mwaka ujao naomba zawadi hiyo ipewe bahasha ya kaki, ambayo haijawahi kuchelewa, kugoma wala kudai nyongeza. Nanyi maofisa rasilimali watu mnaozipokea, ombi langu ni dogo: nafasi ikishajazwa, waliokosa watumieni ujumbe mfupi kwamba wamekosa. Namba zao zipo kwenye ukurasa wa kwanza wa wasifu, juu kabisa.