Sifa za Mhuri

Waache wengine wasifu mto, au wavuvi Wagenia na mitego yao kwenye maporomoko. Mimi nausifu mhuri wa arshitekti: mviringo, wino wa bluu, unaogongwa kwenye kona ya plani ya nyumba. Hapa Kisangani sijaona kitu kingine kinachobeba mzigo mkubwa kwa jasho dogo hivyo.

Mtazame mwenye parseli kule Mangobo anayetaka kuongeza vyumba viwili na baraza. Anachora mwenyewe, usiku, kwa rula ya mtoto, kwenye karatasi ya miraba iliyochanwa katika daftari la hesabu. Anajua mvua hupiga ukuta upi, maji ya jirani hupitia wapi, na mama mkwe alale mbali na nani. Plani haina kasoro ila moja: imechorwa na mtu anayeijua nyumba. Basi inapelekwa kwa mwenye diploma. Huyo huichora upya kwa kompyuta, huongeza mshale wa kaskazini na skeli ya 1/100, kisha tu! anagonga. Ukuta uliokuwa hatari asubuhi, mchana ni salama, wala halijaongezwa tofali hata moja. Zege hungojewa siku 28 ndipo likomae. Mhuri hukomaza nyumba nzima kwa pigo moja.

Tena ni wa ukoo mkubwa. Dekreti ya upangaji wa miji ilitolewa tarehe 20 Juni 1957, Mbelgiji akitawala na mji ukiitwa Stanleyville. Uhuru ulikuja 1960, jina la mji likabadilishwa 1966, nchi ikawa Zaire kisha ikarudi kuwa Kongo. Ruhusa ya kujenga ilibaki kuwa ruhusa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 nayo ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Kwa hiyo udongo unaoukanyaga uani si wako. Chako ni karatasi. Unawezaje kuidharau?

Wapo waliojaribu kuishi bila heshima hiyo. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini siku sita, yakarusha makombora kwa maelfu, yakatoboa mapaa na kuangusha kuta bila kupeleka plani kwenye biro yoyote. Waliosalia walijenga upya kwa walichopata, na wao pia bila mhuri. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikaiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, milioni 40 kati yake kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Zilikadiriwa kwa jumla, maana ushahidi ulikuwa haba. (Hapa, nakiri, sifa yangu inaacha mzaha kidogo: kona ile ya bluu ingekuwa shahidi asiyekimbia vita.)

Wanung'unikaji watasema mgongaji hafiki hata kukiona kiwanja. Aje kufanya nini? Akija atakuta ukuta umeshapita linta, mafundi wako juu wanapaua, na itambidi aikatae plani inayoomba ruhusa ya kuchimba msingi.