Chai Isiyo na Mwisho: Mwongozo wa Jumapili Asubuhi Guangzhou

Umefika Guangzhou kufuata mzigo. Wiki nzima umepanda na kushuka ngazi za majengo ya jumla kule Xiaobei, umebishana bei kwa kikokotoo, na kikokotoo kimekushinda. Leo Jumapili, yule Mchina unayenunua kwake vitasa vya milango amekualika mkanywe chai. Hongera. Ukifuata maelekezo haya utarudi hotelini ukiwa na nusu ya heshima yako, na hiyo ni nyingi.

Kwanza futa kichwani maana ya neno chai. Wewe unayoijua ina maziwa, tangawizi na sukari vijiko vitatu, inasindikizwa na chapati mbili, na baada ya dakika kumi umeshadandia daladala. Ya hapa haina sukari, haina maziwa na haina mwisho. Kikantoni wanasema yamcha, yaani kunywa chai, lakini chai yenyewe ni kisingizio, kama kahawa ilivyo kisingizio pale kijiweni. Vinavyoletwa pembeni ndivyo dimsamu: vitafunio vidogo vidogo, jina lake likimaanisha kugusa moyo, ndani ya vikapu vya mianzi vinavyofuka mvuke. Kikapu kina vipande vitatu. Nyinyi mko wanne. Sitaki kusema zaidi.

Ukiulizwa mwende wapi, usitaje Tao Tao Ju. Ipo tangu 1880, ni nzuri, na kila mtalii anajua kwamba ni nzuri. Omba mpelekane ule mgahawa wa mtaani, ghorofani, wenye zulia lililochoka, taa kali kama za chumba cha upasuaji na kelele za soko la samaki Feri saa moja asubuhi. Mkifika pako kimya, geuzeni.

Fika mapema, na mapema ya kwenu haitoshi. Wazee wa mtaa husimama mlangoni kabla mlango haujafunguliwa, gazeti kwapani. Ukitokea saa nne, umeoga na kunukia, utapewa kikaratasi cha namba na kiti cha plastiki, kisha namba zitaitwa kwa Kikantoni. Wewe umeshinda mwezi mzima unajifunza kuhesabu Kimandarini. Pole. Hatimaye mtapachikwa meza moja na mzee msiyemjua, ambaye hatainua macho. Msalimu kwa kichwa tu. Mzee huyu atakuwa msimamizi wako wa mtihani.

Baada ya kukaa, litaletwa bakuli kubwa tupu na buli la maji ya moto au la chai. Kwetu bakuli likiletwa mezani, mtu ananawa. Usinawe! Hapa vinavyooshwa ni vyombo: unasuuza kikombe, kibakuli na vijiti vyako, maji unayamwaga humo. Vyombo vilishaoshwa jikoni, wenyewe wanajua, na bado kila mtu anavisuuza kwa umakini wa mtu anayetia udhu. Namfahamu Mtanzania aliyeyanywa maji yale akidhani ni supu ya kufungulia. Alisema imepungua chumvi.

Chai ikija, mimina kwa wenzako kwanza, kikombe chako kiwe cha mwisho. Ukimiminiwa wewe, usihangaike kusema asante, maana mdomo umejaa. Kunja vidole viwili, gonga meza. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, wa karne ya 18, alikuwa akitembea nchini amejigeuza raia wa kawaida, akammiminia mtumishi wake chai. Mtumishi hakuweza kumsujudia bila kufichua siri, basi vidole vikasujudu kwa niaba yake. Sijui kama mfalme aliamini. Mimi siku ya kwanza nilidhani jamaa anagonga kwa hasira ya kucheleweshewa chakula, nikamuunga mkono kwa ngumi.

Buli likiisha, usipige mluzi wala "pss pss". Fungua kifuniko, kiache kimeegemea upande, atakayepita atalijaza. Ikibidi kabisa kumwita mhudumu, mwite leng lui, yaani mrembo, hata akiwa rika la bibi yako. Usithubutu kumwita mama. Kwetu hiyo ni heshima; hapa umemwongezea miaka, na kikapu chako kitakuwa cha mwisho kutoka jikoni.

Vile vigari vya kusukumwa, ambavyo ungenyoosha kidole tu ukapewa, siku hizi vimeadimika. Utapewa karatasi ndefu yenye maandishi ya Kichina na visanduku, kama mtihani wa darasa la saba wa kuchagua jibu sahihi, ila hapa majibu yote yanalipiwa. Kwingine unaskani kwa simu, mtihani uleule bila kalamu. Utaona vyakula vimegawanywa kuwa vidogo, vya kati, vikubwa na maalumu. Usihangaike kukadiria tumbo: ukubwa huo ni wa bei. Nami niliwahi kujaza kwa kubahatisha, zikaja bakuli tatu za uji wa mchele, wa chumvi, wenye yai jeusi katikati. Nikazimaliza zote ili ionekane nilikusudia.

Sasa tuongee kitimoto, na hapa natania kidogo tu. Kwa Kichina neno nyama likisimama peke yake ni nguruwe. Ng'ombe na kondoo ndio hutajwa kwa majina. Kwa hiyo ukiuliza ndani kuna nini ukaambiwa "nyama", umeshajibiwa. Siumai, kile kikombe cha manjano chenye kichwa wazi, ni nguruwe na kamba. Andazi jeupe lililopasuka juu kwa tabasamu lina nguruwe wa kuchoma mwenye utamu. Keki ya figili, inayojifanya mboga, ina soseji. Hata hagau, kamba waliofungwa kwenye ngozi nyembamba inayoonesha ndani, yenye mikunjo ambayo fundi anayejiheshimu hapunguzi saba, kwa mapishi ya zamani hutiwa mafuta ya nguruwe ili ilainike. Anayejipa moyo kwamba "hii si samaki tu?" anajidanganya kwa vijiti.

Mwislamu atafute maandishi ya qingzhen, yaani halali, mara nyingi ya kijani, yenye Kiarabu pembeni, ingawa huko atakutana zaidi na tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya ng'ombe. Dimsamu halali yenye sifa iko Hong Kong, Wan Chai, kwenye mgahawa uliomo ndani ya jengo la msikiti wa Ammar, mtaa wa Oi Kwan. Ila kabla hujapanda treni, tazama kama viza yako ya China inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. La sivyo hiyo siumai itakurudisha Dar.

Kisha italetwa miguu ya kuku, ikiitwa kucha za feniksi. Tulia. Mzungu wa meza ya pili amekunja uso, lakini wewe umekulia mtaa ambao vichwa na miguu hupangwa kwenye sinia kila jioni. Tatizo ni ufundi. Hii imekaangwa, ikalowekwa, ikachemshwa, ikapigwa mvuke na maharage meusi ya chumvi, mpaka ngozi inaachia mfupa kwa ulimi peke yake. Kwa ulimi, nimesema, mkono ushushe. Tia kiungo mdomoni, kitafute, kitenganishe, toa vifupa kimoja kimoja kama mtu anayetema kokwa za zabibu. Hapo ndipo mzee atainua macho kwa mara ya kwanza. Ukikabwa, atarudi kwenye gazeti.

Bili ikija (chai inalipiwa kwa kichwa, hata kama hukuigusa) mwenyeji ataikwapua. Nawe ikwapue. Kuvutana mara mbili ni adabu, mara tatu ni mapenzi. Ushindi usiutafute: kaunta wanataka simu yenye WeChat, wewe una dola ndani ya soksi. Wazoefu huaga kwamba wanakwenda msalani, kumbe wamekwenda kulipa. Ukimwona mwenyeji wako anaelekea msalani na simu mkononi, tulia, ameshakushinda. Usione haya. Ataifidia kwenye bei ya vitasa.

Sasa hesabu vikapu mlivyoacha mezani: kumi na nne. Mzee ana viwili. Wenyewe wana msemo, chungu kimoja, vipande viwili, na ndiyo asubuhi yake yote hiyo, tangu saa kumi na mbili. Wakati mnasukuma viti, matumbo mbele, yeye amebakiza kipande kimoja. Anageuza ukurasa, anafungua kifuniko cha buli, anakiegemeza upande.