Usukani Kushoto, Gurudumu Ziwani

Miongoni mwa vyombo vyote alivyovibuni mwanadamu ili avitawale, sidhani kama kipo kimdhalilishacho mwenyewe hadharani upesi kuliko baiskeli ambayo usukani wake umeachana na gurudumu la mbele bila ya talaka kutangazwa. Na kama fedheha hiyo haina budi kumpata mtu, basi asiombe impate Kisumu, mji ambao reli iliufikia mwaka 1901, ukaitwa Port Florence, na ambao tangu zama hizo haujapata kupungukiwa na watu wenye nafasi ya kusimama kumtazama mwenzao akianguka.

Baiskeli yangu ni ya milimani, ya jamii ile iliyoanza kuuzwa kwa wingi Marekani mwaka 1981, ilipotoka Stumpjumper. Nami niliinunua ya mtumba, ikiwa na umri wa mtu mzima mwenye watoto, kwa mchuuzi aliyeniapia kwa Mungu na kwa mamake kuwa haina ila. Katika baiskeli za siku hizi shina la usukani hulikumbatia bomba la uma kwa nje. Katika za zama zile shina huzama ndani ya bomba, likipitiwa katikati na bolti ndefu ambayo chini yake imeshika kabari iliyokatwa mshazari, hivi kwamba bolti ikikazwa, kabari hupanda, ikateleza ubavuni, ikajibana na ukuta wa bomba, na hapo usukani, uma na gurudumu vikawa kitu kimoja. Ni hikima njema, madhali shina na bomba vimeumbiana. Vyangu havikuumbiana. Kwa mujibu wa kalipa niliyoiazima maabara ya shule, bomba lilikuwa na uwazi wa milimita 25.4, na shina, ambalo bila shaka mchuuzi alilichopoa katika baiskeli nyingine, lilikuwa na unene wa milimita 22.2. Tofauti hiyo ukiitazama kwenye rula utaidharau. Ukiipanda kwenye mteremko itakukumbusha dua zote za utotoni.

Mteremko wangu ulikuwa ule wa kushukia Dunga, ukishaipita hifadhi ya swala pala. Mbuzi alikatiza njia, nikauzungusha usukani kushoto ili nimpishe, nao ukazunguka kwa utiifu kamili, ukaelekea Nyalenda, ilhali gurudumu, lisiloambiwa lolote, liliendelea na safari yake ya ziwani. Nami, mabega yakifuata usukani na kiuno kikifuata gurudumu, nikatua juu ya wavu ulioanikwa omena. Mama mwenye omena hakupiga kelele. Aliinuka, akautazama wavu, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha: “Japuonj,” yaani mwalimu, “hizi zilizo shatini utazilipia kwa gorogoro au tukadirie?” Tulikadiria, na makadirio yake yakaizidi gorogoro.

Fundi wangu hukaa chini ya mwembe, njia ya kwenda Kibuye, wala sipendi mtu amdhanie ujinga. Alijifunza kazi zama zile baiskeli za boda-boda, ambazo asili yake ni mpakani Busia katika miaka ya 1960, zilipoujaza mji huu, kabla pikipiki hazijaziondoa barabarani. Na aghalabu zilikuwa Black Mamba, nyeusi, nzito, za muundo mmoja, ambazo kipuri cha hii huingia katika ile pasi na kuulizana. Aliyelelewa miongoni mwa vyombo hivyo kalipa ataifanyia nini?

Alilibana gurudumu kwa magoti, akaushika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha. Ukazunguka, gurudumu likatulia. “Mwalimu,” akasema, “hii ni kukaza tu.” Akakaza. Akachomeka bomba refu kwenye spana ili azidishe nguvu, nami nikamshika mkono, kwani kabari ikikazwa kupita kiasi hulivimbisha bomba la uma hata likapasuka. Akahamia kwenye mpira wa tyubu, akakata utepe, akalivika shina. Ukashika pale mwembeni, ukalegea kabla sijafika mjini, maana mpira hunyumbuka, na kabari hutaka ukuta mgumu. Ndipo akaijia dawa ipendwayo na mafundi wengi, nayo ni mkebe wa soda.

Sasa, bati la mkebe wa soda lina unene wa takriban milimita 0.1, na pengo letu kila upande lilikuwa milimita 1.6, kwa hiyo yalihitajika matabaka 16, na kwa kuwa mkebe mmoja ukishakatwa na kunyoshwa hulizunguka shina lile mara mbili na ushei, hesabu ilidai mikebe 6 hivi. Nilimwandikia hesabu hiyo mavumbini kwa kijiti. Aliitazama kwa heshima kubwa, akasema: “Mwalimu, wewe leta mikebe miwili. Hiyo mingine ni ya shule.” Kwa mikebe miwili usukani ulisimama wima Jumamosi, na Jumapili ukaamkia kuinama, kwani kabari ilikuwa imeegemea ukuta mmoja, na bati limekunjamana upande wa pili.

Faraja ilitoka stoo. Viti vya darasani kwetu vimeundwa kwa bomba la chuma la inchi moja, na inchi moja ndiyo hizo milimita 25.4, na bomba hilo likiwa na ukuta wa milimita 1.6, kama lilivyokuwa letu, uwazi wake wa ndani huwa milimita 22.2 barabara. Kilikuwapo kiti kimoja kilichovunjwa na kijana wa kidato cha pili aliyekuwa akibembea. Nikauomba mguu wake kwa barua, maana mali ya shule haiombwi kwa mdomo, na ikaidhinishwa rasmi kuwa nipewe “mguu wa kiti, mmoja, kwa matumizi ya usukani”, maneno ambayo nadhani hayajapata kuandikwa katika faili lolote la elimu.

Fundi alikata kipande cha urefu wa kiganja, akakipasua kwa msumeno ufa mmoja toka juu hadi chini, ili kabari ikisukuma kipate kutanuka, akapiga tupa kingo, akapaka grisi, akalizamisha shina hata alama ya mwisho wa kulichomoa ikafichika. Akabana gurudumu kwa magoti, akauzungusha usukani kwa nguvu ile ile ya desturi. Gurudumu likafuata, naye akafuata gurudumu, nusura aanguke.

Tangu hapo nashuka Dunga bila ya kununua omena nisizozihitaji. Fundi naye sasa huwauzia wateja vipande vya miguu ya viti, vilivyopangwa vizuri juu ya gunia, akiwaapia kuwa vinaingia katika baiskeli zote. Kwa hiyo, ewe msomaji mwenye baiskeli kuukuu, ukipita njia ile ya Kibuye, njoo na kalipa yako.