Kabati la Chuma na Leso ya Dirishani

Kusoma kwa njia ya mtandao katika shule za msingi za Kaunti ya Kilifi huanzia kwenye kabati la chuma. Kabati hilo hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu, lina makufuli mawili, dirisha la ofisi lina vyuma, na usiku kuna bawabu. Ndani mna tableti za mpango wa serikali wa elimu ya kidijitali. Mpango wenyewe ulizaliwa 2013 kama ahadi ya kampeni: kila mtoto wa darasa la kwanza apate kipakatalishi. Mzigo ulipoanza kufika shuleni 2016, kipakatalishi kilikuwa kimekwisha kugeuka tableti, na hatimaye zaidi ya milioni moja ziligawiwa nchini. Walimu nao walipata vipakatalishi, projekta, na kifaa cha kuhifadhi masomo ambacho hurusha Wi-Fi darasani hata pasipo intaneti.

Aliyebuni kifaa hicho alikuwa na akili. Ila hakuwaza juu ya ufunguo. Mali ya serikali ikipotea, anayeandikiwa barua ni mwalimu mkuu, kwa hiyo ufunguo hukaa mfukoni mwake, na mwalimu mkuu ni mtu wa mikutano. Leo yuko Kilifi mjini kwa semina, kesho benki Malindi, keshokutwa kuna mazishi. Suruali yake ikipanda matatu, maktaba nzima ya kidijitali imepanda nayo. Siku anayorudi, tableti hutolewa na kukutwa zimezima. Zikishapata chaji ni Ijumaa saa sita mchana, wakati ambao pwani hii hakuna aliye na haja ya tableti.

Projekta ina kisa chake. Madarasa ya huku yamejengwa kwa ajili ya upepo: madirisha mapana yasiyo vioo, pengine na ukuta unaoishia kiunoni. Upepo ukiingia, jua halibaki nje. Projekta ikiwashwa saa nne asubuhi, ukutani huonekana kivuli cha rangi ya maji ya mchele, na wanafunzi huambiwa kuwa hicho ni kiboko. Dawa ya haraka ni leso. Mwalimu huitoa begani, huifunga dirishani, na giza huja kidogo. Lakini leso ina jina lake, tena kwa herufi kubwa nyeusi, na jua likipiga kutoka nyuma herufi hizo huonekana kuliko chochote kilichoko ukutani. Watoto wa Gredi ya Pili wamefundishwa kuunganisha silabi, wala hawakuambiwa wabague pa kuziunganishia. Mwalimu angali ameinama akihangaika na waya, nyuma yake sauti arobaini zinaimba: ji-ra-ni pu-ngu-za ma-cho. Kisha mjuzi wao anaisoma kwa mfululizo, na mwalimu wa darasa la jirani, ambaye alikuwa akijipitia verandani, anasimama kuuliza somo hilo linamhusu nani.

Ni bahati mbaya kwamba siku kama hiyo afisa wa mtaala huwa hayupo. Mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome ulipoanza 2015 kwa fedha za Marekani, maafisa hao walizunguka shuleni na tableti zao wenyewe zenye programu ya Tangerine: mtoto alisoma kwa dakika moja, afisa akagusa kila neno lililokosewa, na hesabu ikajitokeza. Kwa leso ile darasa zima lingepita. Pengine tableti za Tusome ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu zilikuwa mikononi mwa mtu mzima mwenye pikipiki, na kilichowekwa mbele ya mtoto kilikuwa kitabu cha karatasi, kila mmoja na chake.

Mtandao wenyewe ni habari nyingine. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Disemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya siku hiyo, nayo ilitambua vyanzo 339 vya eksirei huko mbali angani. Ng'ambo tu ya mashamba ya chumvi ya Gongoni kuna walimu wanaotafuta chanzo kimoja, cha mnara wa simu, na hawajakitambua. Nyaya za chini ya bahari, ukiwemo wa TEAMS utokao Fujairah, zimetua Mombasa tangu 2009. Kutoka hapo kwenda bara la Magarini na Ganze, intaneti husafiri kwa mwendo wa bodaboda yenye abiria watatu na gunia la makaa. Kila shule ina mahali pake pa mtandao: chini ya mwembe fulani, au hatua mbili kushoto mwa tangi la maji. Mwalimu akionekana amesimama hapo mkono mmoja juu, wanafunzi wanajua kuwa hadithi ya kesho inapakuliwa.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, darasa lilihamia kwenye simu, na simu ilikuwa ya baba. Baba mvuvi huondoka nayo alfajiri. Kazi ya Hisabati ikaenda baharini, ikarudi jioni inanuka changu. Wenye simu ndogo za mulika mwizi walikuwa na Shupavu 291, huduma ya Eneza na Safaricom: mtoto hupiga *291#, huchagua darasa na somo, hutumiwa maelezo na maswali kwa ujumbe mfupi, naye hujibu kwa herufi moja. Haikuhitaji bando wala kioo kikubwa. Tatizo ni kwamba simu ya nyumba haipokei maswali ya shule peke yake. Mweka hazina wa chama cha mama akiuliza katikati ya zoezi mchango wa mwezi unatumwa lini, hujibiwa: C. Akiuliza tena, safari hii kwa ukali, mtoto hufikiri upya na kubadilisha jibu: B.

Kipakatalishi cha mwalimu hutesa kwa namna yake. Kimetoka kiwandani kikijua Kiingereza tu, basi insha ya Kiswahili ikichapwa humo hupigwa mstari mwekundu kutoka kichwani hadi mwisho. Kwa mwanafunzi, wino mwekundu una maana moja. Yule mwenye bidii hufuta na kujaribu maneno mengine mpaka wekundu uishe, na anapomaliza insha imebaki na maneno mawili, Kenya na safari.

Halafu kuna saiba, duka la intaneti. Mtaala wa umilisi, ambao wazazi huuita CBC, ulianza kwa majaribio 2017 ukaleta kazi za nyumbani zinazotaka picha, na picha zinataka printa. Saa kumi na mbili jioni saiba za Malindi hujaa akina mama wenye karatasi zilizokunjwa: mnyama wa nyumbani, rangi, kesho asubuhi. Kijana wa saiba hutafuta mara moja, hubana picha moja, huchapisha thelathini. Asubuhi darasa zima humwasilisha ng'ombe yule yule wa Ulaya, madoa meusi, hereni ya manjano sikioni, na jina la mwenye picha limempita ubavuni. Mbuzi wa shule wanatazama kupitia dirishani. Ukweli ni kwamba anayeendelea kusoma kwa kasi hapo ni kijana wa saiba, ambaye kufikia muhula wa tatu anaweza kufundisha Sayansi.

Kinachofaa zaidi ni African Storybook, mradi ulioanzishwa na Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa 2014. Hadithi zake ni fupi, zina picha, ni za bure, na leseni yake inaruhusu mtu kuzipakua, kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuziandika upya. Mwalimu huhitaji dakika kumi tu chini ya ule mwembe. Yaliyobaki hufanywa kwa karatasi na uzi. Kasheshe huanza hadithi ya sungura inapogeuzwa Kigiriama na watoto kwenda nayo nyumbani. Bibi husikiliza mpaka mwisho, kisha husema sungura hakufanya hivyo hata siku moja, na mwalimu aje aambiwe. Mwalimu huenda, huambiwa, huandika toleo la pili. Toleo hilo likifika kwa bibi wa nyumba ya tatu, naye hukana: huyo wa kwanza aliolewa hapa kutoka Kaloleni, atajuaje? Huandikwa la tatu. Watoto, kwa kutaka kujua nani mkweli, husoma yote matatu, na bibi wa ng'ambo ya barabara ameshatuma mjukuu kuuliza zamu yake ni lini.