Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kufuli, Mganga Mkuu wa Gereza

Mheshimiwa Kufuli,

Baada ya salamu, na taadhima zote zinazostahili chuma kilichoitumikia serikali usiku na mchana bila ya likizo wala mshahara, naomba radhi kwa kukuandikia hadharani, kwa sababu kila njia ya faragha ya kukufikia hupitia lango ambalo wewe mwenyewe ndiwe ulifungaye. Mimi ni tabibu wa zahanati iliyo ndani ya kuta za gereza moja ambalo sitalitaja jina. Si kwa hofu, bali kwa adabu, maana kila aliyepata kuwa mfungwa, mahabusu au mtumishi wa gereza lolote atadhani ninalisema la kwake, nami sipendi kumdhulumu mtu dhana yake.

Nilipohitimu masomo ya utabibu, nikavishwa sare juu ya koti langu jeupe na kuletwa huku, niliambiwa kwamba mkuu wangu katika kazi atakuwa daktari. Ilinipitia miaka kabla sijang'amua kwamba mkuu huyo ni wewe. Mimi huandika dawa ya kumezwa kila baada ya saa 6, nawe, kwa hekima ambayo vitabu vyangu havikuifikia, hukadiria kwamba dozi mbili kati ya nne zitaangukia nyuma ya mlango uliofungwa, na kwa hiyo hazikuwa na lazima. Mimi huandika kwamba mgonjwa apelekwe hospitali leo, nawe hutafsiri neno hilo kuwa wiki ijayo, gari likipatikana. Cheti changu kimetundikwa ukutani katika fremu ya kioo. Wewe huna cheti wala fremu, lakini sijapata kuona hukumu yako ya kitabibu ikikatiwa rufani ikashinda.

Naomba uniruhusu nieleze, kwa faida ya raia wasiobahatika kulala kwetu, jinsi unavyoendesha kliniki yako ya usiku. Hesabu ya alasiri ikikamilika, watu huingizwa ndani, nawe hufungwa hadi asubuhi. Mwenye pumu akibanwa kifua saa 8 za usiku, wenzake hugonga mlango. Askari wa zamu huja akasimama upande wa pili. Walakini hawezi kufungua peke yake, kwa maana ufunguo uko kwa mkubwa, mkubwa yuko nyumbani kwake, na sheria ya usalama yataka askari wa kutosha wawepo kwanza, maana kuhema kwa mtu huenda kukawa ni hila ya kutoroka. Basi askari humwuliza nyampara kupitia tundu: "Anaumwa kweli huyo?" Nyampara, ambaye mahakama ilimtia hatiani kwa wizi wa ng'ombe, na ambaye hakusomea udaktari wa binadamu wala wa ng'ombe, hutega sikio, hufikiri, kisha hutoa ripoti. Hivyo ndivyo ilmu ya tiba ilivyopata tawi jipya lisilofundishwa katika chuo chochote, nalo ni uchunguzi wa maradhi kwa kusikiliza mlango.

Kukipambazuka huja zamu yangu. Wagonjwa huchuchumaa katika mstari, na majina yao huitwa kwa sauti kuu pamoja na maradhi yao, ili asiwepo mtu uani atakayebaki na ujinga wa nani anatumia dawa gani. Chumba cha uchunguzi huwa na watu watatu: mgonjwa, mimi, na askari ambaye kazi yake ni kutazama pembeni huku akisikiliza. Mfungwa aliyeumizwa na mwenzake, au, Mungu apishe mbali, na mtu asiyekuwa mwenzake, hueleza kwamba aliteleza bafuni. Nikiuhesabu ushahidi wa daftari langu, sijui bafu lolote duniani lenye utelezi kama la kwetu. Nami, ambaye mgonjwa huniita "Afande" kabla ya kuniita "Daktari", nitamlaumuje kwa kuyajibu mavazi yangu badala ya swali langu? Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini wahenga hawakupata kuulizwa maradhi yao mbele ya mtu mwenye kirungu.

Ama safari ya kwenda hospitali, hiyo ni ibada yenye nguzo zake: saini, gari, mafuta, na askari wawili. Kupatikana kwa nguzo tatu bila ile ya nne ni sawa na kukosa zote. Maradhi yenye tabia njema huyasubiri mafuta; kidole tumbo hakikulelewa vema, nacho hakisubiri. Na akifika, mgonjwa hufungwa kwa pingu kwenye kitanda cha chuma, asije akaondoka nacho. Nasikia kuna mahali ambapo hata mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hutiwa pingu, na sababu yake yaeleweka: hakuna mwanariadha wa kuogopwa kama mama aliyefikia kusukuma.

Najua utaniambia kwamba haya yote yana kanuni, nami sikatai. Ulimwengu ulikutana Geneva mwaka 1955 ukaandika kanuni za chini kabisa za kuwatunza wafungwa. Na mwaka 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazifanyia marekebisho na kuzipa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27 na ambaye mwaka 1988, akiwa katika gereza la Pollsmoor, aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Kanuni ya 24 yasema kwamba mfungwa astahili matibabu ya kiwango kile kile kipatikanacho kwa raia walio nje. Kanuni ya 27 yasema kwamba uamuzi wa tiba ni wa watu wa tiba peke yao, wala haupaswi kupinduliwa na mtumishi wa gereza asiyekuwa mganga. Kanuni ya 48 yamwondolea pingu mwanamke wakati wa uchungu, wakati wa kuzaa na mara baada ya kuzaa. Nilizinakili kwa mwandiko mzuri nikazibandika karibu nawe, kwenye mlango wa zahanati. Sikulaumu kwa kutozisoma. Wewe ni chuma. Waliokushika mkononi ndio waliosoma, wakazisifu kwa ufasaha wake, kisha wakakufunga.

Sasa nifike kwenye nasaha iliyonifanya nishike kalamu. Mheshimiwa, mamlaka yako yana raia mmoja asiyetii. Yeye haji kwenye hesabu ya alasiri, hachuchumai, wala hapekuliwi langoni. Katika chumba ambacho watu hulala ubavu kwa ubavu, hata mmoja akitaka kugeuka yawapasa wote wageuke, akohoaye hukohoa kwa niaba ya jamaa nzima, na kijidudu cha kifua kikuu huelea hewani kikingojea mapafu. Kuta zako humzuia mtu. Hewa hupita katika tundu lile lile uingizwamo ufunguo wako.

Waingereza, waliotuletea mtindo huu wa kukufunga, walilipata somo hilo kwa gharama. Mwaka 1750 wafungwa wa jela ya Newgate walipelekwa katika mahakama ya Old Bailey mjini London, wakaingia na homa ya jela iliyochukuliwa na chawa wao. Na kabla vumbi la kesi halijatua, Meya wa London na majaji wawili walikuwa wamekwisha kufa. Hukumu ya siku ile ilipita kizimbani ikapanda hadi penye joho na wigi. Tangu hapo mahakimu wakashika sana desturi ya kuingia na vishada vya majani yanukiayo, kwa itikadi kwamba ugonjwa huogopa manukato. Sisi hatutumii majani. Sisi twatumia parasetamoli, kwa itikadi isiyopishana mno na hiyo.

Na sisi wa pwani tunacho kielelezo chetu karibu zaidi. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala na mji wa Unguja, palijengwa jela mwaka 1894. Lakini haikupata kuweka mfungwa hata mmoja, bali ikageuzwa karantini ya kuwatenga watu kwa kuhofia homa ya manjano. Walioigeuza walijua kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kufungia huweza kuwa nyumba ya wagonjwa, wakalitamka jambo hilo wazi. Sisi tunayo hospitali kubwa mno inayokataa kuitwa hospitali.

Kuna askari mmoja wa zamu ya usiku aliyenijia jioni moja, wenziwe wakiwa wamekwisha kuondoka, akafunga mlango nyuma yake kwa upole ambao sikuwa nimepata kuuona kwake, akaniomba nipime makohozi yake bila ya kuandika jina. Alikuwa amesimama kwenye tundu lako usiku mwingi, akiuliza kama watu wanaumwa kweli. Ana mtoto wa miaka miwili, na kila arudipo kota mtoto humrukia kifuani. Nilimwambia kwamba tiba ni miezi 6, haikatizwi. Akaniuliza, "Na wale wa ndani?" Hilo ndilo swali la kitabibu zuri kupita yote niliyopata kuulizwa humo, nalo halikutoka kwa tabibu.

Wale wa ndani, Mheshimiwa, hukatizwa. Mtu aliye katika mwezi wa tatu wa dawa huhamishwa gereza jingine alfajiri, karandinga likiwa linanguruma, na kadi yake ikabaki mezani kwangu. Au hupata msamaha siku ya sikukuu ya Uhuru, nami hufurahi pamoja naye huku nikimkimbilia langoni na barua ya rufaa na vidonge vya kumfikisha kwao. Hapo huzuiwa mimi, kwa kuwa sina kibali cha kutoa dawa nje. Yeye huru, kikohozi chake huru, dawa peke yake ndiyo inayobaki kifungoni.

Siombi umwachilie mtu. Naomba mambo manne, na yote hayazidi uzito wako: ufunguo mmoja ulale karibu na tabibu wa zamu, aingiaye apimwe kifua kabla ya kulazwa katikati ya wenzake, askari asimame pale awezapo kuona bila ya kusikia, nami niambiwe mapema nani ataondoka kesho. Ukiyaona mazito, basi nihamishie madaraka kamili, nami nitajifunza kwako: nitanyamaza, nitakuwa baridi, na nitafunguka kwa saini peke yake.

Barua hii naimalizia ndani. Kazi yangu imekwisha tangu saa 11, lakini mwenye ufunguo wa lango la pili amekwenda kula, nami nimekaa upande wako wa ndani kama wengine wote. Nyuma ya mlango mtu anakohoa. Sijui kama ni mfungwa au ni askari. Tawi lile la kusikiliza mlango sijafuzu bado.

Mimi mtumishi wako mtiifu,

Tabibu wa Zahanati ya Ndani

Nakala: kwa wote walioshika funguo.