Waraka kutoka London: Majira Yanayotangazwa Kabla ya Kufika

Uingereza ina tarehe mbili za kuanza kwa majira ya kuchipua, yaani ile miezi inayofuata baridi kali ambamo miti iliyopukutika hutoa majani upya, na katika vishamba vya kukodi vya London hakuna mkulima wa bustani anayeonekana kuitii hata moja. Wataalamu wa hali ya hewa huyafungua majira hayo tarehe 1 Machi kwa urahisi wa takwimu zao. Wanafalaki huyafungua tarehe 20 Machi au karibu na hapo, mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Na wakulima wa bustani, ambao hawana subira wala mamlaka, huyafungua katikati ya Februari, siku yoyote ambayo mmoja wao ameona kitu cha kijani. Jamaa walioko Tanga na Muheza, ambao mwezi huohuo wanapulizwa na kaskazi isiyopoza kitu huku wakikodolea macho mawingu ya masika, watauliza kwa haki ni kitu gani hicho kinachostahili kutangazwa. Kwa kawaida ni ncha yenye urefu wa ukucha, na waraka huu umeandikwa kwa sababu juzi wazee wanne, mmoja akiwa na chupa ya chai, waliizunguka ncha ya namna hiyo na kujadili kama ni kitunguu saumu au ni nyasi, kwa muda uliotosha kumfanya mhamiaji mmoja aliyealikwa kushuhudia apoteze hisia za vidole vyote vya miguu.

Vishamba hivyo vinahitaji maelezo. Sheria ya 1908 inazitaka halmashauri kuwatafutia wakazi viwanja vidogo vya kulima kwa ajili ya jamaa zao, na ukubwa wa kiwanja kamili kwa desturi ni poli 10, kipimo cha zamani ambacho kwa jumla yake hufanya kama mita za mraba 250, yaani eneo ambalo mjomba wa Muheza huliacha bila kulima kwa sababu ng'ombe wanapita hapo. Eneo hilo hupatikana baada ya kukaa katika orodha ya kungojea, ambayo katika mitaa mingi ya London huweza kuchukua miaka. Sheria nyingine, ya 1950, inamruhusu mkulima kufuga kuku na sungura ilimradi hafanyi biashara wala haleti kero, lakini kanuni za halmashauri nyingi humkataza jogoo, kwa hoja ya kelele; hivyo ipo nchi ambamo tetea ana haki zilizoandikwa na bunge na mumewe ni mhamiaji asiye na karatasi.

Desturi ya kuwinda dalili si ya juzi. Mwaka 1736, huko Norfolk, mwenye ardhi mmoja aliyeitwa Robert Marsham alianza kuandika kila mwaka siku aliyoona ua la kwanza, siku aliyosikia chura wa kwanza na siku alipowasili mbayuwayu, naye alipofariki ukoo wake ukairithi kazi hiyo kwa vizazi kadhaa hadi 1958. Elimu iliyotokana na daftari za namna hiyo, ambayo huchunguza tarehe za matukio ya mimea na wanyama kwa kuzilinganisha na hali ya hewa, huitwa fenolojia, na haipaswi kuwashangaza watu wa pwani, ambao wazee wao walihesabu siku kwa miongo, yaani makumi yanayoanzia Siku ya Mwaka, wakaangalia Kilimia angani kabla ya kutia jembe ardhini. Tofauti ni kwamba mzee wa pwani alikuwa akiitafuta mvua, ambayo ikija humlowesha kila mtu na ubishi ukaisha, ilhali mzee wa London anatafuta jambo ambalo linaweza kuwa limekwisha kuja bila yeyote kulihisi. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu zaidi ya 400,000 za aina hiyo, wakaonyesha kwamba tangu 1987 mimea ya Uingereza imekuwa ikichanua takriban mwezi mmoja mapema kuliko zamani, kwa sababu ya joto linaloongezeka. Ni habari nzito, na ingestahili kupokelewa kwa huzuni. Katika vishamba, hata hivyo, imepokelewa kama ushahidi kwamba wale wanaotangaza majira mapema walikuwa sahihi, na sasa hawaambiliki.

Dalili yenye heshima kuliko zote ni snodropu, ua dogo jeupe linaloinamisha kichwa, ambalo hutoka kwenye tunguu na huweza kupenya hata ardhi yenye theluji. Ipo jamii ya wapenzi wake ambao hutembea bustani kwa bustani wakiwa wameshika lenzi, kwa kuwa aina moja hutofautiana na nyingine kwa doa la kijani au la manjano lililo ndani ya ua, na ua lenyewe limeangalia chini, hivyo anayetaka kuliona hana budi kupiga magoti matopeni. Mwaka 2015 tunguu moja la snodropu lenye manjano liliuzwa kwa pauni 1,390, na mwaka 2022 jingine likauzwa kwa pauni 1,850. Shangazi, ambaye amewahi kugoma kununua fungu la vitunguu sokoni Mgandini kwa sababu ya shilingi mia mbili, anaombwa aketi kabla ya kusomewa aya hii.

Lakini ajabu lililomzidi nguvu mhamiaji ni sanduku la kuoteshea. Hiki ni chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachopitisha nuru, na kitako chake kina waya wa umeme unaopasha udongo joto la nyuzi 20 hivi au zaidi, kwa sababu pilipili, inayohitaji miezi mingi ya kukua, haina budi kupandwa Januari au Februari, wakati nje hakuna mbegu yenye akili inayoweza kukubali kuota. Kifuniko kina vidirisha vya kupumulia, ambavyo kijitabu cha maelekezo kinataka vifungwe mpaka mbegu iote, kisha vifunguliwe kidogokidogo unyevu usije ukaozesha miche. Ifahamike kwamba mbegu inayozungumziwa ni pilipili mbuzi, mmea ambao nyuma ya jiko la Tanga huota wenyewe penye maji ya kuoshea vyombo, bila kualikwa, na hufyekwa ukizidi. Hapa umetengewa soketi yake, kipimajoto chake na dirisha lake, na katika nyumba ambayo wakaazi wake, kwa hofu ya bili ya umeme, huvaa masweta mawili na kulala na soksi, kiumbe pekee anayeishi katika hali ya hewa ya pwani ni huyo pilipili. Mhamiaji ameonekana zaidi ya mara moja akiweka viganja juu ya kifuniko kwa kisingizio cha kukagua unyevu.

Miche ikiisha kukua, kijitabu kinaamuru hatua ya kuizoesha: kwa wiki moja au mbili itolewe nje mchana, irudishwe ndani usiku, na kila siku iongezewe muda kidogo, maana mche uliolelewa kwenye joto ukitupwa ghafla barazani hunyauka kwa mshtuko. Ni ushauri wa busara ambao haukuwahi kutolewa kwa upande wa binadamu, kwani mwandishi wa waraka huu alitolewa Dar es Salaam mwezi wa Januari akiwa na shati la mikono mifupi na koti la kuazima, akashushwa Heathrow alfajiri, wala hakuna aliyemrudisha ndani usiku ule. Madirisha yaliyobaki yamekabidhiwa viazi mviringo, ambavyo hupangwa katika trei za mayai, macho yakitazama juu, mahali pa baridi penye nuru, ili vitoe vichipukizi vifupi na vinene kabla ya kupandwa kwenye Pasaka. Wageni huonywa wasiviguse.

Upande wa pili wa nchi, Yorkshire, mambo hufanywa gizani. Kati ya miji ya Wakefield, Morley na Rothwell hulimwa rubabi, mmea wenye vikonyo vyekundu vichachu vinavyopikwa kwa sukari, na mashina yake, baada ya kukaa shambani miaka miwili na kupigwa na jalidi, yaani umande ulioganda, huhamishiwa katika mabanda ya joto yasiyo na nuru ili yadanganyike kwamba majira yamefika. Vikonyo hurefuka kwa kuitafuta nuru ambayo haipo, na huvunwa kwa mwanga wa mishumaa ili giza lisiharibiwe. Ni mantiki ileile ya kuvundika ndizi, isipokuwa kwamba ndizi huvundikwa kwa siku chache na hakuna anayeziendea na mshumaa.

Kwa wasio na kipimajoto ipo njia ya jadi, inayosimuliwa sana juu ya wakulima wa zamani wa Lincolnshire, ya kuvua suruali na kukalia udongo ili kujua kama umepata joto la kupokea mbegu. Hakuna aliyeijaribu mbele ya mhamiaji, ingawa mzee mmoja aliitetea kwa ujuzi uliozidi wa msomaji wa kawaida. Udongo nao hautabiriki: mwishoni mwa Februari 2018 theluji kubwa ilifunika nchi na kuua vilivyowahi kutoka, na tarehe 26 Februari mwaka uliofuata joto lilifika nyuzi 21.2 katika bustani ya Kew, kiwango ambacho Uingereza haikuwahi kukipima katika majira ya baridi, watu wakala aiskrimu. Kinachostahimili yote ni sukuma wiki, ambayo husimama shambani baridi nzima na hunoga zaidi ikipigwa na jalidi. Mchicha ndio unaokosekana, na jamaa wanaombwa wasitume mbegu zake ndani ya kiatu cha msafiri, kwa kuwa mbegu zinazoingia nchini kutoka Afrika zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho kiatu hakina.

Dalili ya mwisho huletwa na serikali. Mjenzi mmoja wa London, William Willett, aliyechukizwa kuona watu wamelala wakati jua limekwisha kutoka, alichapisha mwaka 1907 kijitabu cha kudai saa zisogezwe mbele, akafariki 1915, na mwaka uliofuata bunge likakubali. Hivyo Jumapili ya mwisho ya Machi nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja, jambo lisilo na maana mahali kama Tanga, ambako mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka havitofautiani hata kwa saa moja. Athari yake kwa ukoo ni hii: London, ambayo wakati wa baridi iko nyuma ya Tanga kwa saa tatu, itakuwa nyuma kwa saa mbili. Shangazi, ambaye hupiga simu saa kumi na mbili asubuhi akiamini kwamba dunia nzima imeamka, amekuwa akiipiga saa tisa usiku. Kuanzia siku hiyo ataipiga saa kumi alfajiri, na atakuwa amejirekebisha kwa saa nzima bila kubadili chochote.